Bahari Ndani ya Kioo

Ukisimama kando ya mwamba wa Watamu wakati wa maji kupwa, utaona katika vidimbwi vyake matumbawe, kaa na samaki wadogo wa rangi nyingi, wametulia kana kwamba hawana haja ya kitu. Kumbe wanatumikiwa usiku na mchana. Mawimbi huwaletea hewa. Jua huwapa nuru. Maji yajaapo na kupwa huchukua uchafu wao. Na ukubwa wa bahari huzuia joto lisipande wala kushuka kwa ghafula. Kazi hizi nne bahari huzifanya bila ujira. Mtu atakaye kufuga mwamba wa namna hiyo katika tangi kubwa la kioo nyumbani kwake hana budi kutafuta vyombo vya kuzifanya kazi hizo zote. Avichague vipi? Tuwaulize waliotangulia, maana wao walijifunza kwa shida.

Wa kwanza tumtaje mwanamke wa Kifaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekaa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Mwaka 1832 alibuni matangi ya kioo ili amchunguze argonauta, kiumbe wa jamii ya pweza akaaye ndani ya kombe jembamba sana. Wataalamu walikuwa wakibishana: je, kombe lile hulijenga mwenyewe, au hulitwaa kwa mwingine? Bibi huyu aliwatazama viumbe hao wakiwa hai, akathibitisha kwamba hulijenga wenyewe. Lakini Messina iko pwani, na maji mapya hayakuwa mbali naye.

Anna Thynne hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1846 alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay, Uingereza, akayapeleka London, mbali na bahari. Mwanzo aliagiza maji mapya kutoka pwani, na hiyo ilikuwa gharama na taabu. Ndipo akamweka mtumishi wake mbele ya dirisha, ayamimine maji yale yale toka chombo hiki hata kile, ili yapate hewa. Baadaye akatia mwani ndani yake. Matumbawe yaliishi miaka mitatu. Basi, msomaji, utazamapo pampu ya umeme ikivuma chini ya tangi, kumbuka kwamba kazi yake iliwahi kufanywa na mikono ya mtumishi ambaye wachache wamejali kumtaja.

Mwaka 1845 Uingereza ilifuta kodi ya vioo, vioo vikawa rahisi. Mwaka 1850 Robert Warington alieleza jinsi mimea na wanyama wanavyosaidiana ndani ya maji, mimea ikitoa hewa safi. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya matangi hayo. Watu wakashikwa na shauku kubwa. Wakaziendea pwani kwa ndoo na patasi, wakabandua kila kilichopendeza. Viumbe wengi walikufa majumbani, na vidimbwi vya pwani vikabaki vitupu. Mwana wa Gosse, katika kitabu chake cha mwaka 1907, aliusikitikia uharibifu huo ambao kalamu ya baba yake ilikuwa imeuchochea.

William Alford Lloyd alitambua kosa liko wapi: maji machache huharibika upesi. Katika jengo la Crystal Palace, London, mwaka 1871, aliweka chini ya sakafu hodhi kubwa lenye giza, lililozidi kwa wingi wa maji matangi yote ya juu, na pampu za mvuke zikayazungusha maji bila kukoma. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyotumia mawe yaliyotolewa baharini yakiwa hai, mapovu ya hewa na nuru ya jua. Ndani ya mawe hayo hukaa bakteria wageuzao amonia, sumu itokayo katika uchafu wa samaki, ikapungua ukali. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, Wajerumani walieneza chombo kirushacho mapovu madogo sana, ambayo hukamata uchafu na kuutoa nje kwa namna ya povu.

Mafunzo hayo ndiyo mizani ya mnunuzi wa leo. Kwanza apime uzito. Tangi la urefu wa sentimeta 180, upana 60 na kimo 60 huchukua lita 648, nayo maji ya chumvi ya kiasi hicho huzidi kilo 650, kabla ya kuhesabu kioo na mawe. Meza ya kawaida haifai. Pili, aweke tangi la pili chini, kwa hekima ya Lloyd. Tatu, achague pampu mbili badala ya moja, na vipasha-joto viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, ili kimoja kikiharibika viumbe wasife. Nne, taa iwe na nguvu, kwa kuwa matumbawe ya bahari za joto hulishwa na mwani mdogo sana uishio ndani ya miili yao, nao hauishi gizani. Tano, maji yapunguapo kwa mvuke, aongeze maji matamu yaliyosafishwa, kwani chumvi haipai pamoja na mvuke. Mwisho, asubiri wiki kadhaa bakteria waongezeke kabla ya kutia samaki. Haraka haraka haina baraka.

Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa. Kama bahari yenyewe yaweza kulemewa hivyo, tangi la sebuleni lina udhaifu kiasi gani! Kwa hiyo ajuaye kwamba hataweza kulipia umeme, vipuri na saa za kazi kila juma, heri auache mwamba mahali pake. Tangu mwaka 1968 ule wa Watamu umehifadhiwa kwa sheria, na wewe waweza kuutazama bila kununua hata pampu moja.