Jani la Vita, Jani la Seremala

Pango la Shanidar, kaskazini mwa Iraki, ndilo lililoupa mmea wa yaro sifa ya dawa ya tangu kale. Mwaka 1960 mwanaakiolojia wa Marekani, Ralph Solecki, alifukua humo mifupa ya Neanderthal, binadamu wa kale, na udongo uliomzunguka ulikutwa na chavua nyingi za maua, ya yaro yakiwemo. Hadithi ikajitunga: marehemu alizikwa na maua ya dawa, pengine alikuwa mganga. Baadaye wengine wakauliza, na panya je? Pango lile lina mashimo ya panya wenye tabia ya kubeba vichwa vya maua na kuviweka akiba chini ya ardhi. Mganga wetu akaingia mashakani.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka kwenye ukoga. Mwaka 2012 watafiti walichambua ukoga mgumu wa meno ya Neanderthal walioishi El Sidrón, Hispania, takriban miaka 49,000 iliyopita. Kwa mmoja wao walikuta kemikali zinazoelekea kuwa za yaro na kamomili, mimea michungu isiyoshibisha mtu. Aliyeitafuna, naamini, hakuwa akitafuta chakula.

Wagiriki waliitwika yaro jina la shujaa wao Achilles, anayesemekana kutibu nayo majeruhi, na mwanabotania Linnaeus akalithibitisha mwaka 1753 alipoandika Achillea millefolium. Lakini katika utenzi wa Homer anayetibu ni Patroclus, rafiki wa Achilles: anasaga mzizi mchungu kwa viganja na kuuweka kwenye paja la majeruhi hadi damu inakatika. Mmea hautajwi jina. Isitoshe ni mzizi, ilhali wachumaji wa yaro hutafuta majani na maua.

Warumi waliihesabu kuwa mmea wa askari. Wafaransa wakaiita mmea wa seremala. Mimi namwamini zaidi seremala. Patasi haina utenzi, ila hukata vidole kila wiki, na jani liko nje ya karakana: unalitafuna au kuliponda, unalibandika, unaendelea na kazi. Mwaka 1954 wanakemia walitenga humo kemikali waliyoiita achilleine, iliyofanya damu ya sungura igande upesi zaidi.

Kaskazini mwa Ulaya yaro iliwahi pia kutiwa kwenye bia, kabla hopsi hazijatawala. Nchini China mabua 50 ya ndugu yake hutumika kupiga ramli ya Yijing. Moja huwekwa kando.

Mchumaji huitafuta majira ya joto, kwenye malisho na kando ya barabara. Majani yamechanika kama unyoya. Ukiyafikicha yananukia ukali. Shina lina vinyweleo. Hapo ndipo umakini unapohitajika, maana hemloki, sumu iliyomuua Socrates, nayo ina maua meupe, ila shina lake ni laini lenye madoa ya zambarau. Maua ya yaro yakikenekwa, mafuta hutoka ya buluu, rangi ambayo ua lenyewe halina.

Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali kwa kukosa hamu ya kula, maumivu ya hedhi na vidonda vidogo vya juu ya ngozi, kwa kigezo cha matumizi ya miaka mingi, si majaribio ya hospitali. Wenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti huambiwa wasiiguse.