Umri, Kileo na Usukani

Motokaa haina huruma wala uadui. Hutii mkono unaoiongoza, na mkono hutii akili. Akili ikilegea kwa kileo au ikivutwa na jambo jingine, chombo hukosa bwana. Jambo hili lilitambuliwa mapema: mwaka 1897, mjini London, dereva wa teksi alitozwa faini kwa kuendesha akiwa amelewa. Lakini kuijua hatari si kuizuia. Jinsi kuzuia kulivyo kugumu, hasa kwa vijana, huonekana wazi katika historia ya Marekani.

Marufuku ya vileo ilipoondolewa katika nchi hiyo mwaka 1933, kila jimbo liliachiwa kujiwekea sheria zake, na mengi yalichagua miaka 21 kuwa umri wa kunywa. Vita vya Vietnam vilizusha swali zito. Kijana wa miaka 18 aliyeweza kuitwa kwenda kufa kwa ajili ya nchi yake, alinyimwa kura kwa haki gani? Mwaka 1971 Katiba ilibadilishwa akapewa kura. Hoja ile ile ilifikishwa kwenye bilauri: kati ya mwaka 1970 na 1975 majimbo 29 yalipunguza umri wa kunywa. Waliofanya hivyo hawakuwa wapumbavu. Hoja yao ilikuwa na haki ndani yake. Bali barabara haisikilizi hoja.

Vifo vya vijana barabarani vilipoongezeka, baadhi ya majimbo yalijuta yakaupandisha umri tena, kila moja kwa wakati wake. Mwaka 1983 New Jersey ilirudi kwenye miaka 21, hali jirani yake, New York, iliruhusu miaka 19. Tazama basi lililotokea. Kijana wa New Jersey hakuzuiwa kunywa; alipewa sababu ya kusafiri ili anywe. Alivuka mpaka akiwa na akili zake, akarudi usiku akiwa amezipoteza, na nyumba yake ilikuwa mbali. Wamarekani waliiita mipaka ya namna hiyo mipaka ya damu. Sheria njema, ikiishia njiani, huweza kuzaa ajali.

Wakati huo sauti nyingine ilikwisha kusikika. Mwaka 1980, katika California, Candace Lightner alifiwa na binti yake wa miaka 13, aliyegongwa na dereva mlevi aliyekwisha kuhukumiwa kwa kosa hilo hilo. Dereva yule hakuwa kijana, na adhabu alizopewa kabla hazikumrudi. Mama yule aliunda chama cha akina mama wa kupinga madereva walevi, na msiba wa nyumba moja ukawa shauri la taifa.

Rais Ronald Reagan, aliyependa majimbo yajiamulie mambo yao, kwanza hakuiunga mkono sheria moja kwa nchi nzima. Hatimaye, tarehe 17 Julai 1984, aliitia sahihi. Sheria hiyo haikuyaamuru majimbo. Ilisema tu kwamba jimbo litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 kununua vileo litapunguziwa fedha za barabara kuu. South Dakota ilishtaki, ikashindwa mwaka 1987 mbele ya Mahakama ya Juu. Mwaka 1988 Wyoming, jimbo la mwisho, ilikubali, na mipaka ya damu ikafutika. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 vifo vinavyohusu madereva vijana waliokunywa vimepungua zaidi ya nusu. Si kwa sheria hiyo peke yake: mikanda ya usalama, magari bora na aibu mpya juu ya ulevi vilisaidia pia.

Nguvu ya sheria hiyo ilikuwa wapi? Kileo kina duka, na duka lina mlango. Umri uliweza kusimama mlangoni. Simu ya mkononi haina mlango. Iko mfukoni mwa kijana, naye huitwa nayo akiwa usukanini. Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza, mwaka 2007, kuwakataza madereva wote kuandika ujumbe wakiendesha, na mengine yakafuata. Lakini askari hawezi kuketi katika kila gari. Kwa hiyo njia nyingine ilihitajika. New Zealand mwaka 1987, na Florida mwaka 1996, zilianza kutoa leseni kwa hatua: kijana hupewa uhuru kidogo kidogo, usiku ukichelewa kuliko mchana, mpaka uzoefu wake utoshe.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Adhabu humfikia dereva baada ya kosa, na mara nyingi baada ya kaburi. Yafaayo zaidi ni yale yanayomtangulia kijana: mlango uliofungwa dukani, leseni isiyotolewa kwa haraka, na mzazi anayeizima simu yake mwenyewe kabla ya kuwasha gari. La mwisho hili halihitaji Bunge.