Umeme wa Buja na mto tuliouvuka

Jamani, umeme ukikatika usiku hapa Bwiza, mtaa mzima unapiga kelele. Juzi, tukiwa tumezunguka mshumaa mmoja, mdogo wetu aliuliza: kwani umeme wa Bujumbura unatoka wapi? Tukaangaliana. Ikabidi tusome na tuulize wakubwa. Kumbe sehemu yake inatoka kwetu, kwenye Ruzizi, mto ule ule ambao wengi wetu tuliuvuka na mizigo kichwani.

Ruzizi unaanzia Ziwa Kivu, pale Bukavu, na kuingia Tanganyika karibu na Gatumba. Ni kama kilomita 120 tu, lakini maji yanashuka karibu mita 700, na mteremko mkali uko huko juu, kabla ya bonde. Wabelgiji walijenga bwawa la kwanza, Ruzizi I, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo Kongo na Burundi zote zilikuwa mikononi mwao. Uhuru ulipokuja, mpaka ukawa mpaka kweli, ila Burundi iliendelea kuwasha taa kwa umeme wa ng'ambo.

Mwaka 1976, Zaire, Rwanda na Burundi zilikutana Gisenyi zikaunda CEPGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1983 zikaanzisha shirika la umeme la pamoja, SINELAC, na bwawa la Ruzizi II likaanza kazi mwaka 1989. Angalieni hili: bwawa lenyewe liko kati ya Kongo na Rwanda. Mahali pale Burundi haigusi hata ukingo wa mto, lakini hisa yake ni sawa na za wenzake.

Halafu ikaja 1994, na vita vya Kongo vya 1996 na 1998. CEPGL ikalala. Majeshi ya nchi hizo hizo yakapigana kwenye ardhi yetu, wazazi wetu wakakimbia, wengine mara mbili, mara tatu. Lakini shirika la bwawa halikuvunjwa, wala hisa hazikugawanywa. Madeni yalirundikana kwa sababu serikali hazikulipa vizuri, mashine zikazeeka, lakini walioitiana silaha waliendelea kuchota umeme mahali pamoja. CEPGL ilifufuliwa mwaka 2007. Sisi hatuoni kwamba bwawa lilileta amani. Halikuleta. Tunachoona ni kwamba wanasiasa wakitaka kitu kibaki, kinabaki hata katikati ya risasi.

Upande wa pili kuna Rusumo, kwenye mto Kagera. Burundi, Rwanda na Tanzania zilipatana kuhusu bonde lile mwaka 1977, na bwawa lilikuwa katika mipango. Ujenzi ukaanza 2017, mashine zikaanza kutoa umeme 2023. Hesabuni wenyewe. Sasa kuna megawati 80 za kugawana watatu. Na daraja lile la Rusumo ndilo walilovuka Wanyarwanda kama 250,000 mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbilia Ngara. Ruzizi, Rusumo: umeme wetu wa pamoja unatoka palepale walipopita wakimbizi.

Kuna jambo moja linatuhusu zaidi, na ndugu zetu wa mashirika wanaopenda kutufundisha usafi watalipenda. Chupa za plastiki zinazotupwa Bukavu mvua inazipeleka ziwani, ziwa linazisukuma hadi kwenye Ruzizi, na huko zinaziba mitambo ya bwawa. Wafanyakazi wanazitoa, kesho zimejaa tena. Wengi wetu tumekulia kule. Tulikunywa maji, tukatupa chupa mferejini, tukaenda zetu shule.

Mdogo wetu aliposikia hivyo alicheka sana. Akauliza kama ile giza ya juzi ilikuwa chupa ya kaka yake.