Mazoezi ya Kuruka Hayakuanza TikTok

Fungua simu yako saa hii. Ndani ya dakika tano utakutana na kijana anarukia sanduku linalomfika kifuani, muziki unapiga nyuma, na maandishi makubwa yanasema ukifanya hivi utapiga vichwa kama Ronaldo. Siku mbili baadaye unaona vijana wa mtaa wako wanaruka ngazi za ploti na matairi ya lori kabla ya mechi ya Jumapili. Hiyo bidii naipenda, sipingi. Shida yangu ni moja: tumechukua nusu ya zoezi, ile ya kupaa, tukaacha nusu ya kutua. Na ukirudi kwa historia, utaona kutua ndiko kulikuwa zoezi lenyewe.

Haya, twende pole pole.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Muungano wa Kisovieti, kulikuwa na kocha anaitwa Yuri Verkhoshansky. Alikuwa anafundisha warukaji, hasa wale wa mruko wa hatua tatu. Hebu fikiria huo mchezo: unakuja mbio, unaruka kwa mguu mmoja, unatua kwa huo huo mguu, unaruka tena. Kila ukitua, mguu mmoja unabeba uzito wa mwili wako mara kadhaa, na unapaswa kuurudisha huo mzigo juu mara moja. Makocha wa wakati huo walikuwa wanawaimarisha watu kwa vyuma: weka mzigo mabegani, chuchumaa, simama. Nguvu ilikuja, lakini mgongo nao ulilalamika, na vyuma vizito vinakwenda polepole kuliko mruko.

Verkhoshansky akageuza swali. Kama kutua ndiko kunakoleta mzigo mkubwa hivyo, mbona tusitumie kutua kwenyewe kama chuma? Akawapandisha wanariadha juu ya kitu, wakashuka, na mguu ukigusa chini tu wanaruka juu kwa nguvu zote. Aliita njia ya mshtuko. Katika miaka ya 1960 akaanza kuandika kuihusu, na vimo alivyotaja vilikuwa kama sentimita 75, kimo cha meza ya kulia chakula, hadi mita 1.1 kwa waliokomaa. Angalia vizuri: mwanariadha wake alikuwa anashuka kutoka juu. Yule wa TikTok anapanda. Hayo ni mazoezi mawili tofauti.

Inafanyaje kazi? Misuli na kano zako ziko kama mpira wa manati. Ukiuvuta halafu ukauachilia, jiwe linaenda mbali. Ukitua, misuli ya paja na ya nyuma ya mguu inavutwa, na ukiruka papo hapo ile nguvu inarudi. Lakini tofauti na manati, mwili hauwezi kungoja. Ukitua ukakaa chini kidogo ukipumua, nguvu imeshapotea. Ndiyo maana mguu unatakiwa uguse ardhi chini ya robo sekunde. Mtu anayerukia sanduku, anasimama juu, anashuka taratibu, kisha anajipanga upya kwa kamera, hajafanya zoezi la Verkhoshansky hata kidogo.

Sasa ilifikaje kwetu? Munich, 1972. Sisi Wakenya tunaikumbuka Olimpiki hiyo kwa dhahabu ya Kipchoge Keino katika mbio za kuruka viunzi na maji. Dunia nyingine iliikumbuka kwa Valeriy Borzov, mkimbiaji wa Kisovieti kutoka Ukraine, aliyeshinda mita 100 na 200. Wamarekani walishtuka, maana hizo mbio walizihesabu ni zao. Wakaanza kuuliza hawa watu wanafanya nini mazoezini. Mmoja wa waliouliza alikuwa Fred Wilt, mkimbiaji aliyewahi kushiriki Olimpiki ya 1948 na ya 1952. Mwaka 1975 ndiye aliyelipa zoezi jina ambalo sasa liko kila mahali: plaiometriki. Michael Yessis naye akawa anatafsiri maandishi ya Kirusi kwa Kiingereza, na makocha wa Marekani wakayasoma.

Na hapo ndipo naona mambo yalianza kuharibika. Jina lilisafiri haraka kuliko masharti. Verkhoshansky alikuwa ameandika wazi kwamba kushuka na kuruka ni kwa mtu aliyejiandaa kwa muda mrefu, kwa idadi ndogo, na kwa mapumziko ya kutosha. Ilikuwa dawa kali ya mwisho wa matibabu. Huko nje ikageuka kuwa peremende.

Kwa soka, fikra kwamba mchezaji afanye kazi kama mwanariadha ilipata nyumba mapema pale Kyiv. Valeriy Lobanovskyi wa Dynamo Kyiv alifanya kazi na mwanasayansi Anatoliy Zelentsov, wakapima miili ya wachezaji na kupanga mazoezi kwa hesabu. Mwaka 1975 timu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi barani Ulaya, na mshambuliaji wake Oleg Blokhin, ambaye mamake alikuwa mwanariadha, akapata Ballon d'Or. Wengi walijifunza kwamba kasi na mlipuko wa miguu vinaweza kufundishwa.

Lakini sura ninayoipenda zaidi ya historia hii inahusu wasichana, na haisimuliwi sana.

Miaka ya 1990, watafiti wa Cincinnati, Marekani, waliona wasichana wanaumia goti kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kukata kona. Wakawapa mafunzo ya kuruka, ila mkazo ulikuwa kutua: laini, goti likielekea mbele pamoja na vidole, lisianguke ndani. Kwenye ripoti yao ya 1999, iliyojumuisha soka, wasichana ambao hawakupata mafunzo waliumia goti zaidi ya mara tatu ya waliopata. Baadaye FIFA na watafiti wenzake wakatengeneza programu ya kupasha mwili, FIFA 11+: mazoezi 15, kama dakika 20, hakuna vifaa isipokuwa mpira na alama za uwanjani. Ilijaribiwa Norway kwa zaidi ya wasichana 1,800 wa miaka 13 hadi 17. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi, na yale mabaya kwa karibu nusu.

Na sikia hii: ndani ya hiyo programu kuna zoezi linaitwa kuruka sanduku, na sanduku lenyewe halipo. Unawaza msalaba umechorwa chini, unaruka mbele, nyuma, kando na mshazari. Basi.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini moran wanaruka tangu zamani bila kocha." Ni kweli, na wanaruka vizuri. Ila waangalie. Wanaruka wima, pale pale, kwa miaka, mwili ukizoea kidogo kidogo, na hakuna hata mmoja anayepanda juu ya meza kwanza.

Kwa nini napiga kelele? Kwa sababu uwanja wetu mwingi ni murram, mgumu kama lami ikikauka. Viatu vingine ni vya kuazima. Msichana wa kidato cha pili akikata ile kano ya goti mashabiki wanayoiita ACL, upasuaji ni pesa ambazo familia nyingi hazina. Mara nyingi hakuna msimu wa kurudi. Soka yake inaishia hapo, na kama alikuwa anategemea mpira kupata karo, shule nayo inatikisika. Huo ni mzigo mkubwa sana kuuweka juu ya video ya sekunde kumi na tano.

Kwa hivyo kocha wa mtaa, ukisoma hii, sanduku liache kwanza. Anza na kusimama kwa mguu mmoja, halafu kuruka kidogo na kutua. Sikiliza. Kama kutua kunapiga kishindo, bado. Kama goti linaingia ndani, bado. Mara mbili kwa wiki zinatosha, mwanzoni mwa mazoezi wakati miguu haijachoka. Tafuta nyasi kama ipo, hata ile ya kando ya goli. Wakishaweza kutua kimya, ongeza kasi, halafu ndiyo uongeze kimo. Verkhoshansky alikuwa na wanariadha wa kiwango cha juu na bado alihesabu miruko yao. Wewe una watoto wa watu. Hesabu pia.