Fani Inapokuwa Hoja: Magome ya Yirrkala, 1963

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tumezoea kuitenga fani na maudhui. Maudhui tunayaita ujumbe. Fani tunaiona kama pambo la ujumbe huo. Kisa kifuatacho cha historia kinaonyesha kuwa mazoea haya yanaweza kutuficha haki ya watu.

Mwaka 1963 serikali ya Australia ilimega zaidi ya kilomita mraba 300 za hifadhi ya Arnhem Land, kaskazini mwa nchi hiyo, ili madini ya boksiti yachimbwe. Wenyeji wake, Wayolngu wa Yirrkala, hawakushauriwa. Mwezi Agosti walipeleka maombi mawili katika bunge la Canberra. Maneno yalipigwa chapa kwa Kigumatj na Kiingereza, karatasi zikabandikwa juu ya magome ya miti, na pembezoni ikachorwa michoro ya koo zao kwa rangi za asili.

Ukisoma karatasi pekee, utakutana na ombi la unyenyekevu: ardhi hii tumeiwinda tangu kale, ina mahali patakatifu, basi kamati ije na wakalimani itusikilize. Je, michoro nayo inasema nini? Kwa Wayolngu, kila ukoo una michoro inayofungamana na ardhi yake, na si kila mtu ana idhini ya kuichora. Hivyo basi, kuichora ni kutangaza umiliki. Karatasi iliomba, gome lilidai.

Kamati iliundwa, ikapendekeza fidia, lakini uchimbaji haukuzuiwa. Mwaka 1971 Jaji Blackburn alikiri kuwa Wayolngu wana mfumo wao wa sheria, ila akaamua kuwa sheria ya Australia haikutambua umiliki wao. Haki za ardhi katika eneo hilo zilipata sheria mwaka 1976. Leo magome hayo yamehifadhiwa bungeni.

Hapa kwetu pia, kigango ambacho Wagiriama humsimikia mzee wa Gohu aliyefariki hakipaswi kung'olewa. Hata hivyo, vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Aliyenunua aliona fani tu; familia ilipoteza mzee wake mara ya pili.

Kwa hivyo, mtahiniwa, ukiulizwa dhima ya sanaa, usikomee kwenye kuburudisha na kuelimisha. Jiulize kwanza: mchoro huu, au wimbo huu, ni wa nani, na anadai nini?