Bomba Lilihesabiwa, Fundi Hakuhesabiwa: Historia Fupi ya Maji Vijijini

Ndugu wana-Kagera, kila tunapokutana kuchangia maendeleo ya nyumbani, maji huwa kati ya mambo ya kwanza kutajwa. Kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, historia ya maji vijijini nimeisoma kama ninavyosoma daftari la mali: nini kilinunuliwa, na nani aliachiwa akitunze.

Mwaka 1965 Serikali ilichukua jukumu la kulipia ujenzi wote wa miradi ya maji vijijini. Miaka michache baadaye ikabeba na gharama za uendeshaji. Mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka 20 wenye lengo kubwa: ifikapo 1991, kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wafadhili walijitokeza kwa mikoa. Ufini ilisaidia Mtwara na Lindi. Denmaki ikaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma. Uswidi ikaja kwetu Kanda ya Ziwa.

Haja ya wataalamu haikusahauliwa kabisa, kwani Chuo cha Maji cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1974 kufundisha mafundi sanifu. Lakini fundi alikaa mkoani au wilayani, na pampu ilikuwa kijijini. Ilipokwama, kijiji kilisubiri gari, dizeli, vipuri na fundi mwenyewe, na kimoja kikikosekana, vingine havikuwa na maana. Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaja juu yake, kusubiri kukawa kurefu zaidi. Mwaka 1991 ulifika lengo likiwa mbali. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 yenyewe ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya maji vijijini haikuwa ikifanya kazi vizuri.

Wengi wenu mnaikumbuka HESAWA, iliyoanza mwaka 1985 kwa msaada wa Uswidi katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza, ikamalizika 2002. Ilichimba visima vifupi, ikajengea chemchemi na kuhimiza vyoo bora. Jambo lake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba ilifunza watu wa kijijini penyewe: watunza visima, wahudumu wa pampu, mafundi wa vyoo. Hapo ujuzi ulisogea karibu na pampu. Hata hivyo, anayejitolea naye ana shamba, ana watoto wa kusomesha. Huzeeka, huhama, au hutafuta kazi inayolipa, na asipoandaliwa mrithi, huondoka na ujuzi wake.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2014 Chama cha Kimataifa cha Maji, IWA, kilitoa taarifa ya utafiti uliofanyika katika nchi 15 zinazoendelea, Tanzania ikiwemo. Kwa nchi 10 kati ya hizo, ilikadiriwa kwamba walipungua wataalamu wapatao 787,000 ili kila mtu apate maji na huduma ya usafi wa mazingira. Upungufu ulionekana zaidi vijijini, na katika kazi za uendeshaji na matengenezo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na hata kijiji kinaweza kuifanya. Orodhesha kazi: kulinda chanzo, kuendesha pampu, kuziba bomba linalovuja, kusoma mita, kutunza fedha, kujenga vyoo na kuvitapisha vinapojaa. Kadiria kila kazi inahitaji watu wangapi. Toa waliopo wenye ujuzi, kisha ongeza watakaobadili wale watakaostaafu au kuhama. Kinachobaki ndicho pengo. Tumezoea kuhesabu mabomba, saruji na matenki, lakini mstari wa watu huachwa wazi.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 iliunda RUWASA na kuweka vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Vyombo hivyo vinatakiwa kuendeshwa kitaalamu, na makusanyo ya maji ndiyo yalipe mafundi na watunza hesabu. Mlango umefunguliwa, lakini chombo kichanga chenye wateja wachache kinahitaji kushikwa mkono mwanzoni.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Katika kila mchango wa maji tutakaotoa mwaka huu, sehemu moja kati ya kumi itengwe kwa ajili ya watu. Tuwasomeshe VETA ufundi bomba vijana wawili kutoka kila kata tunayoisaidia, mmoja wao akiwa binti. Tumfunze na mtunza hesabu wa chombo cha maji. Watie saini ya kuhudumia nyumbani kwa muda tutakaokubaliana, na chombo kiahidi kuwalipa.

Kila mali ina uchakavu, na mali isiyo na mtunzaji huchakaa mapema. Kadi ya ahadi iko ukurasa unaofuata. Ndugu, unapoandika kiasi chako cha bomba, usisahau kuandika na cha fundi.