Karatasi ya Ukutani

Shangazi yangu ana chama. Ni wanawake 14 wa Kayole, wengi wao wauza mboga na mitumba, na hukutana Jumapili ya pili ya kila mwezi. Miaka michache iliyopita waliamua kwamba mwaka huo hawatanunuliana sufuria wala viti vya plastiki. Wataenda Diani kuona bahari. Tisa kati yao hawakuwa wameiona hata siku moja.

Kazi ya kutafuta kampuni ya safari nilipewa mimi, mtoto wa kaka yake anayejua mambo ya intaneti. Nilikuwa nimeacha chuo, kwa hivyo muda ulikuwepo, na nilitaka sana kuonekana mtu wa maana. Nikapata kampuni moja mjini, ghorofa ya tatu, bei yake tamu: shilingi 14,500 kwa kila mtu, gari, hoteli na chakula ndani. Sikwenda kichwa kichwa. Niliomba kuona leseni, wakanionyesha ukutani ndani ya fremu. Nikaipiga picha, nikaenda kuuliza kama ni halali. Ilikuwa halali kabisa. Nikamwambia, "Shangazi, hawa wako sawa."

Walilipa 203,000 kwa M-Pesa, kidogo kidogo, kwa miezi saba. Siku nane kabla ya safari, simu ya kampuni ikawa haipatikani. Nilipanda zile ngazi nikakuta mlango wazi na vijana wawili wanapaka rangi kwa ajili ya mpangaji mpya. Fremu haikuwepo, msumari tu ndio ulikuwa umebaki.

Shangazi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa ile karatasi ilikuwa ya nini?"

Swali hilo limenikaa hadi leo. Nilipoanza kusoma historia ya biashara hii, niligundua kwamba serikali kubwa kubwa ziliwahi kuulizwa swali hilo hilo, na zikakosa jibu.

Tuanze Uingereza, kwa sababu biashara ya kuuza safari kwa watu wa kawaida ilikulia huko. Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook, fundi seremala na mhubiri aliyechukia pombe, aliwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Nauli ilikuwa shilingi moja ya Kiingereza. Mtu alilipa, akapanda, akarudi jioni ile ile. Katika safari ya namna hiyo, muda kati ya kutoa pesa na kupata huduma ni mfupi.

Ndege ziliurefusha muda huo. Kufikia miaka ya 1960, mfanyakazi wa kiwandani aliweza kulipia Januari likizo ya Uhispania ya Agosti, ndege na hoteli kwa bei moja. Hapo ndipo penye siri ya biashara yote hii. Pesa yako ya Januari haikai mahali ikikungoja. Inalipa mishahara, mafuta, na deni la hoteli la mteja aliyesafiri kabla yako. Yaani wewe si mnunuzi tu, umemkopesha mwenye kampuni, bila riba na bila dhamana, na hakuna aliyekuambia. Mradi wateja wapya wanaingia, gurudumu linazunguka. Wakipungua, anayeumia ni yule aliyelipa mapema.

Serikali ya Uingereza haikuwa imelala. Sheria ya mwaka 1971 iliunda mamlaka ya usafiri wa anga, na kuanzia 1973 kila aliyeuza safari za ndege za mkataba alihitaji leseni, ile inayoitwa ATOL hadi leo. Leseni hiyo ilidai pia dhamana: pesa ambayo mdhibiti angeweza kuichukua kampuni ikianguka. Kwenye karatasi, mambo yalikuwa sawa.

Kisha ikaja Court Line. Lilikuwa shirika la ndege lenye makao Luton, maarufu kwa ndege zake zilizopakwa rangi za peremende, waridi, chungwa na zambarau. Kundi hilo hilo lilimiliki viwanda vya meli, na lilikuwa limemeza kampuni mbili kubwa za likizo, Clarksons na Horizon. Bei ya mafuta ilipopanda mwishoni mwa 1973, likaanza kuyumba. Mwezi Juni 1974, waziri wa viwanda, Tony Benn, aliliambia Bunge kwamba serikali itachukua viwanda vile vya meli, na kwamba hatua hiyo inatarajiwa kuituliza kampuni, zikiwemo likizo zilizokwisha kulipiwa kwa kiangazi hicho. Watu wakasikia serikali imesema. Walioshika pesa mkononi wakaendelea kulipa.

Tarehe 15 Agosti 1974 Court Line ilikufa, katikati ya msimu. Watu kama 50,000 walikuwa nje ya nchi. Dhamana iliyokuwepo ilitumika kuwarudisha nyumbani, na hapo ikaisha. Wengine kama 100,000, waliokuwa wamelipa na hawajaondoka, walibaki na risiti. Baadaye afisa wa Bunge anayechunguza malalamiko dhidi ya serikali aliandika kwamba serikali haiwezi kukwepa kabisa lawama kwa hasara ya watu wale.

Fikiria hilo kidogo. Kampuni ilikuwa na leseni ya kweli, na juu yake neno la waziri. Hakuna kati ya hivyo viwili kilichorudisha hata senti.

Kilichozirudisha ni kitu kingine. Mwaka 1975 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda hazina ya akiba ya wasafiri wa anga. Serikali ilitoa mkopo wa kuianzisha, kisha tozo ndogo ikawekwa kwenye kila likizo iliyouzwa, ili mkopo ulipwe na hazina ijazwe. Wateja wa Court Line walifidiwa kutoka humo. Wazo lenyewe ni rahisi hata mwanachama yeyote wa chama angelielewa: kila mmoja aweke kidogo, ichungwe mahali ambapo mwenye duka hafiki, ili siku ya mwenzetu kuangukiwa tuwe na cha kumshika mkono.

Wajerumani walijifunza somo hilo kwa njia ya mahakama. Mwaka 1990 Jumuiya ya Ulaya iliagiza kila nchi mwanachama ihakikishe kwamba muuza safari za jumla akifilisika, mteja anarudishiwa pesa na anarudishwa kwao. Mwisho wa kutekeleza ulikuwa 31 Desemba 1992. Ujerumani ikachelewa. Mwaka 1993 kampuni zikaanguka, wateja wakapata hasara, na badala ya kuishtaki kampuni isiyo na kitu, wakaishtaki serikali. Tarehe 8 Oktoba 1996 mahakama ya Ulaya ikatoa uamuzi katika kesi ya Dillenkofer: nchi isiyochukua hatua yoyote kufikia tarehe iliyowekwa imekosa vibaya, na inaweza kudaiwa hasara hiyo.

Hata mfumo mzuri una mashimo. Tarehe 23 Septemba 2019, kampuni ya yule seremala ilianguka baada ya miaka 178. Uingereza iliwarudisha nyumbani watu kama 150,000 kwa wiki mbili. Ujerumani, bima iliyowakinga wateja ilikuwa na kikomo cha yuro milioni 110, na madai yalikuwa mengi kuliko hapo. Mwezi Desemba serikali ikatangaza kwamba itafidia pengo lililobaki.

Sasa rudi nami Diani. Kwa miongo mingi Wajerumani wamekuwa wakija pwani yetu kwa safari za jumla kama hizo. Mgeni anaweza kulala kwenye hoteli ile ile tuliyokuwa tumelipia, ale kiamsha kinywa kile kile, huku akiwa na cheti kutoka kwao kinachosema ni nani atamrudishia pesa muuzaji wake akifilisika. Mama wa Kayole kwenye kitanda cha chumba cha pili ana ujumbe wa M-Pesa.

Si kwamba hatuna sheria. Katiba, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kufidiwa. Tuna Sheria ya Utalii ya 2011 na mamlaka inayotoa leseni. KATO, chama cha waendeshaji safari, kina mpango wa dhamana, lakini kwa wateja wa wanachama wake. Tunatoza hata asilimia 2 kwenye mahoteli na mikahawa kwa ajili ya Hazina ya Utalii, pesa inayokwenda kwenye mafunzo na kuitangaza nchi. Kutoza tunajua. Bado hatujaamua kumtozea yule anayeachwa stendi na mabegi.

Sisi tulienda mahakama ya madai madogo, ile ya kesi zisizozidi milioni moja. Tulishinda. Kampuni haikuwa na meza, gari wala akaunti yenye kitu cha kukamatwa. Shangazi aliitazama hukumu, akacheka, akasema sasa tuna karatasi mbili.

Nilichelewa kumjibu, lakini nilimjibu. Ile karatasi ilisema jamaa wanaruhusiwa kuuza. Haikusema pesa inakaa wapi. Mimi niliuliza swali la kwanza, nikadhani nimeuliza yote mawili.

Mwaka jana chama kilienda Naivasha. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeongea na mwenye matatu. Akampa ya mafuta tu, akamwambia nyingine ataipata wakifika, na nyingine wakirudi. Mwenye gari alilalamika kwamba hiyo si kawaida ya biashara.

"Najua," Shangazi akamwambia. "Kawaida tulishailipia."